Ana wa Kwenye Simu ya Ausi

"Ana ni nani?"

"Ana nani?"

"Usinigeuzie maneno, Ausi. Sijakuuliza nani ana nani. Nauliza, Ana ni nani? Yumo humu kwenye simu yako."

Ausi alikuwa barazani kwa kina Mwanabibi, Nachingwea, sahani ya mihogo ya kuchemsha magotini. Ilikuwa Jumapili, Agosti ya mwaka 2007. Ijumaa iliyofuata ndiyo ilikuwa siku yao ya ndoa. Kadi zilishagawiwa mpaka Kiegei.

Alitafuna, akameza, kisha akacheka.

"Wewe si ulisoma chuo cha Kurani kwa Mwalimu Abdalah? Kiarabu, ana maana yake nini?"

"Mimi."

"Basi ndiyo mimi mwenyewe! Tazama namba inavyoanza. Mia mbili sitini na tano, ya Malawi hiyo. Ni laini yangu ya enzi zile najenga kule Mangochi. Nikaiandika 'mimi' nisije nikaisahau."

Mwanabibi akaitazama namba. Kweli haikuwa ya hapa. Akaona haya.

"Nisamehe. Nilidhani ni mmoja wa wale wanawake kina Ana waliotoka Msumbiji."

"Ningekuwa na Ana wa Msumbiji ningeacha simu mezani? Njoo ule mihogo, bibi harusi."

Akakaa, wakala pamoja. Moyo ukatulia.

Ili umwelewe Mwanabibi, lazima ujue alikotoka. Alikuwa na miaka thelathini na minne, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache. Aliolewa akiwa binti, akakaa na mume miaka tisa bila kushika mimba. Mwaka wa kumi mume akamletea talaka. Ndugu wa mume walisimama mlangoni wakiangalia anavyofunga mizigo, mmoja akasema kwa sauti, "Mti usiozaa unakatwa." Tangu siku hiyo alikataa kila aliyekuja kuposa.

Ausi alipokuja kuposa, mwaka mmoja nyuma, Mwanabibi alimwambia ukweli wote siku ya kwanza.

"Mimi sizai, Ausi. Usije ukasema sikukuambia."

Ausi akamshika mkono. "Hata mimi Mungu hakunijalia mtoto. Nilioa ujanani, tukaachana mikono mitupu. Tutazeeka wawili, kuna ubaya gani?"

Maneno hayo ndiyo yaliyomfungua moyo. Si sura ya Ausi, wala ufundi wake wa kujenga uliomfanya aitwe mpaka Ruangwa. Ni hayo tu: kwamba kuna mtu duniani mwenye pengo kama lake.

Jumatatu asubuhi Ausi alipita kuaga akirudi Ruangwa kwenye kazi yake ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja. Gari lilipiga honi barabarani, akatoka mbio na begi mkononi. Simu ikabaki kwenye chaji kwa kina Mwanabibi.

Saa nne hivi ikalia. Mwanabibi alikuwa anakata kitambaa. Akaitazama, kioo kimeandika: *Ujumbe kutoka kwa Ana.*

Mkasi ukasimama.

Ana ni mimi, alisema Ausi. Laini yake ya zamani. Sasa huyo mimi amejitumiaje ujumbe mwenyewe?

Akaufungua.

*Ana akudwala malungo. Bwera msanga chonde.*

Akausoma mara tatu. Haukuwa Kiswahili, haukuwa Kiyao, haukuwa Kimwera cha mama yake. Akachukua simu, akavuka njia mpaka kwa Lusiana msusi, mwanamke mzima aliyeolewa Nachingwea akitokea Mbamba Bay, kule Ziwa Nyasa.

"Dada Lusiana, hebu nisomee hapa. Huyu Ana anasema nini?"

Lusiana alipangusa mafuta vidoleni, akasogeza simu kwenye mwanga.

"Mbona Kinyanja hiki, cha Malawi! Kinakaribiana kabisa na chetu cha nyumbani. Simu ya nani?"

"Ya Ausi."

Lusiana akasoma kimya. Halafu akamtazama Mwanabibi, akarudisha macho kwenye simu.

"Nani kakuambia Ana ni mtu?"

"Si jina hilo?"

"Hapa si jina, mdogo wangu." Akavuta kigoda. "Kaa kwanza."

"Sikai. Sema."

"Ana ni watoto. Anasema, 'Watoto wanaumwa malaria. Njoo haraka, tafadhali.'"

Mwanabibi akakaa.

"Watoto wa nani?"

"Hapa hajasema."

"Basi piga, umuulize."

"Mwanabibi, kuna mambo ukiyafukua..."

"Piga, dada."

Lusiana akapiga kwa simu yake mwenyewe. Sauti ya mwanamke ikapokea, ya haraka, yenye kwikwi. Wakaongea Kinyanja muda mrefu. Mwanabibi hakushika neno, ila jina moja lililokuwa likirudi na kurudi: Ausi. Ausi. Ausi.

Lusiana akafunika simu kwa kiganja.

"Anaitwa Edina, yuko Mangochi. Anasema yeye ni mke wa Ausi."

"Waliachana."

"Hawajaachana. Ana watoto wawili naye, wa kike wote. Mkubwa ana miaka saba, mdogo minne. Wamelazwa tangu juzi. Mkubwa ana nafuu, mdogo bado. Halafu anauliza, mguu wa Ausi umepona?"

"Mguu gani?"

"Anasema mwaka jana Ausi alimwambia kaanguka kutoka kwenye jengo, kavunjika mguu, hawezi kusafiri. Ndiyo maana hakuwahi kumlaumu."

Mwanabibi aliziba mdomo kwa kanga. Mwaka mzima huo Ausi alikuwa akienda na kurudi Ruangwa kila wiki, mzima kama jiwe. Juzi tu alipanda juu ya paa la mama yake Mwanabibi kuziba bati.

"Anauliza pia, wewe ni nani?"

Mwanabibi akasimama.

"Mwambie mimi ni jirani. Mwambie Ausi atapata habari kesho asubuhi."

Kesho yake Mwanabibi alipanda gari la kwanza kwenda Ruangwa. Alimkuta Ausi juu ya ukuta, mwiko mkononi, anapiga mluzi.

"Ah! Bibi harusi! Umeniletea simu? Jana nimehangaika nayo kweli."

"Shuka."

"Kuna nini?"

"Shuka chini, Ausi."

Aliruka kutoka kwenye jukwaa la mbao, akatua kwa miguu miwili bila hata kuyumba. Mwanabibi akaitazama ile miguu. Kisha akabonyeza simu, akasubiri iite, akambandikia sikioni.

"Ongea."

Ausi alitabasamu kwanza. Kisha tabasamu likafa. Kutoka ndani ya simu ilisikika sauti ya mtoto, nyembamba, imechoka, ikimuuliza baba yake anakuja lini:

"Ababa? Mubwera liti?"

Ausi akaiinamia simu. Akajibu kwamba anakuja, kwa lugha ambayo Mwanabibi hakuwahi kumsikia akiitamka hata siku moja, na ilimtoka laini kama maji:

"Ndikubwera, mwana wanga. Ndikubwera."

Simu ikakatika. Mafundi wenzake wakajifanya wanakoroga zege.

"Mwanabibi..."

"Kiarabu ulinifundisha Jumapili. Nimeenda kujisomea Kinyanja mwenyewe."

"Nilikuwa naogopa. Uliponiambia ulivyoachwa, ulikuwa unalia. Ningesemaje nina watoto? Ningekuumiza."

"Kwa hiyo ukawaua kwa mdomo wako, ili mimi nisiumie?"

"Usiseme hivyo!"

"Hukuniambia huna mtoto? Hukuniambia mikono mitupu? Ungesema una watoto, Ausi, ningekupenda mara tatu. Mimi niliyefukuzwa kwa kukosa mtoto, ningewakataa watoto?"

Ausi aliinamisha kichwa, akasema kwa chini, "Dini inaruhusu wake wawili. Nilitaka nikishakuoa nikuambie taratibu. Nawapenda wote."

"Dini imekuruhusu kuoa. Kuvunjika mguu wa uongo nani amekuruhusu? Edina anasema ujumbe aliotuma jana haukuwa wa kwanza. Wa kabla ya huo uliupata lini?"

Ausi akaangalia mwiko wake.

"Lini?"

"Jumamosi."

Mwanabibi alihesabu siku. Jumapili mtu huyu alikuwa anakula mihogo barazani kwake, anacheka, watoto wake wako kitandani hospitali.

"Chukua begi lako," alisema. "Gari linaloondoka sasa linapita Nachingwea mpaka Masasi. Utalala Masasi, kesho utafute la Tunduru, uendelee hadi Malawi."

"Na Ijumaa ya harusi?"

"Ausi, mtoto wako anaumwa."

Walipanda gari moja, Mwanabibi mbele, Ausi nyuma kabisa. Nachingwea Mwanabibi akashuka. Ausi alitoa kichwa dirishani, macho mekundu.

"Nisubiri, Mwanabibi. Nikirudi nitakueleza kila kitu."

"Ulikuwa na mwaka mzima wa kunieleza."

Gari likaondoka. Hakuligeukia.

Mama yake, Bi Fatma, alikuwa anapepeta mchele wa harusi. Aliposikia habari, ungo ulimtoka mikononi.

"Mwanangu, nitawaambia nini watu? Wageni wa Marambo wameshaanza safari!"

"Waambie bwana harusi ana mke na watoto, na watoto wanaumwa. Ndoa haipo."

"Watakucheka!"

"Walishanicheka, mama, nilipofukuzwa kule. Sikufa."

Halafu akaingia chumbani, akajifungia, na kilio alichokiachia kilimfanya Bi Fatma akae chini mlangoni, mgongo kwenye ubao, asitoke hapo mpaka magharibi.

Ijumaa ile wageni walikuja, maana wengine habari haikuwafikia. Mchele ukapikwa. Mwanabibi aliwapakulia mwenyewe, macho yamevimba. Waliotaka kunong'ona wakanong'ona.

Zikapita wiki mbili. Mchana mmoja Lusiana akaja mbio, simu sikioni.

"Ni Edina! Watoto wamepona, wote wawili! Wametoka hospitali."

"Alhamdulillahi," Mwanabibi alisema, na alimaanisha.

"Anasema anamshukuru yule jirani. Anataka kujua jina lake."

Mwanabibi akasimamisha cherehani.

"Mwambie ukweli. Mwambie mimi si jirani. Mimi ndiye ambaye Ausi alikuwa amuoe Ijumaa ile, na sikujua kama yeye yupo duniani."

"Una hakika?"

"Tumeshadanganywa sote wawili. Asidanganywe na mimi pia."

Lusiana akasema. Kisha sauti ya Edina ikarudi, nzito, polepole.

"Anasema nini, dada?"

"Anasema pole. Anasema na yeye alianza kushuku siku Ausi alipotokea anatembea vizuri. Amemwacha awaone watoto, chakula anamtengea barazani. Ndani hajamruhusu kuingia. Sasa jana Ausi kamwambia kama hamtaki, atarudi huku kwa watu wanaomtaka. Anauliza, ni kweli wapo?"

Mwanabibi aliinuka, akasogea mpaka mdomo wake ukawa karibu na simu, kana kwamba Edina angemwelewa bila mkalimani.

"Mwambie hapana," alisema. "Mwambie na huku mlango umefungwa."