Begi la Kamera ya Mama

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Goodness alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumpa ng'ombe wao majani na vipande vya mgomba. Ya pili, ambayo aliipenda zaidi, ilikuwa kutoa betri za kamera kwenye chaja na kumpelekea mama yake jikoni.

"Shikamoo mama. Zote zimejaa."

"Marahaba mwanangu. Ziweke mahali pake."

Mahali pake palikuwa ndani ya begi la bata. Begi hilo lilinunuliwa Goodness alipozaliwa, na siku hizo lilibeba nepi zake na chupa ya uji. Mtoto alipokua, nepi zikatoka, kamera ikaingia. Lilikuwa na mkanda mmoja wa kuning'iniza begani, na ubavuni alishonwa bata wa njano, ambaye kwa kufuliwa miaka mingi alikuwa amebaki na jicho moja. Lenzi za kamera zilifungwa ndani ya vipande vya blanketi ambalo Goodness alilalia utotoni.

Mama yake, Mektrida, alikuwa mpiga picha wa kijiji chao huko Kirua Vunjo, na watu walimwita Mama Picha. Baba alifanya kazi Tanga na alirudi nyumbani Krismasi, kwa hiyo kamera na kahawa kidogo ndivyo vilivyoendesha nyumba. Ubatizo, harusi, hata mazishi, Mama Picha alikuwapo. Mara nyingi alikwenda kwa miguu, akipanda kilima na kushuka, kwa sababu vichochoro vya kwenda vihambani, kwenye nyumba zilizo ndani ya migomba na kahawa, havikutengenezwa kwa ajili ya magari.

Goodness alijivunia mama yake, lakini begi lile, loo! Siku moja mama alikuja shuleni kuwapiga picha wanafunzi wa darasa la saba. Gladys, ambaye alikaa dawati moja na Goodness, alimwona yule bata dirishani.

"Jamani, Mama Picha amekuja na nepi!" alisema.

Darasa zima liliangua kicheko. Goodness naye alicheka, ili asionekane ameumia. Lakini aliumia, na tangu siku hiyo alimchukia yule bata kana kwamba ndiye aliyesema.

Basi mkanda wa begi ulipokatika, mama alisikitika na binti akafurahi moyoni.

Jumamosi iliyofuata walishuka Moshi mjini, mpaka soko la mitumba la Memorial. Huko walipata kibanda kilichojaa mabegi ya mgongoni, na muuzaji wake, kijana mchangamfu aitwaye Efraimu, akawapokea.

"Karibu mama yangu! Tukupe la shule au la safari?"

"La kamera," mama alijibu. "Kamera, lenzi mbili, flashi na vikorokoro vyake."

Mama alikwenda moja kwa moja kwenye begi la kijivu. Lilikuwa fupi, halina urembo wowote. Mikanda yake ya mabegani ilikuwa mipana na minene, na lilikuwa na mkanda mwingine wa kufunga kiunoni. Mama aliipapasa mikanda hiyo kwa vidole, taratibu, kama anayechagua mbegu.

Lakini macho ya Goodness yalikuwa juu, kwenye begi jekundu. Lilikuwa refu, lina mifuko kila upande, na ndani lilikuwa na vigawanyo vya sponji vya kuwekea lenzi.

"Hilo lilikuja na mtalii aliyepanda mlima," Efraimu alisema alipoona macho yake. "Kamera ikikaa humo, inalala usingizi."

"Mama, hili ndilo la mpiga picha wa kweli!" Goodness alisema.

"Si kubwa kwangu?"

"Lijaribu kwanza, mama."

Mama alilivaa. Lilikuwa tupu, jepesi, na halikumsumbua, ila mkanda wa kiunoni ulimfika mapajani.

"Limekukaa kabisa!" alisema Efraimu. Wauza mitumba wote husema hivyo. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona kitu kisichomkaa mteja.

"Hili la kijivu je?" mama aliuliza.

"Hilo ni kama la mtoto wa chekechea," Goodness alisema haraka. "Watu watakucheka."

Mama alimtazama binti yake usoni kwa muda. Kisha akatabasamu, akalirudisha la kijivu mahali pake.

"Haya," alisema. "Tuchukue jekundu."

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wiki ile Goodness alimwomba mama apite karibu na lango la shule wakati wa mapumziko, na mama akapita. Gladys alipoliona begi jekundu alishika kiuno. "Mama yako sasa ni mpiga picha wa kimataifa!" alisema. Goodness alirudi darasani akitembea kwa madaha.

Mama alilibeba begi lile kwenye harusi, kisha kwenye ubatizo wa mapacha kilima cha pili, kisha kwenye harusi nyingine. Goodness akaanza kuona mambo. Mama alikoroga mtori wa ndizi kwa mkono wa kushoto. Sufuria iliyokuwa kwenye rafu ya juu, alimwita Goodness aje kuishusha.

"Mama, mkono una nini?"

"Nimeulalia vibaya tu," mama alijibu.

Goodness aliamini, kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi kuliko kuuliza tena.

Alasiri moja mama alirudi kutoka kazini, akalitua begi kwenye benchi la nje na kuingia ndani. Mara mvua ikaanza. Goodness aliruka kutoka zizini akaliwahi begi, akalitia mgongoni ili alikimbize ndani. Hakufika mbali. Begi lilimvuta nyuma nusura aanguke chali. Mikanda myembamba ilimuuma mabegani, na ule mkanda wa kiunoni ukampiga mapajani, hausaidii kitu.

Na Goodness hakuwa mtoto legelege. Tangu akiwa darasa la tatu alikuwa akibeba majani ya ng'ombe kichwani kutoka bondeni, na mizigo aliifahamu vizuri. Alisimama chini ya upenu, begi likiwa bado mgongoni, akakumbuka kule sokoni. Sokoni lilikuwa jepesi. Lakini sokoni lilikuwa tupu! Hata ndoo ya maji ikiwa tupu hubebwa na kitoto kinachojifunza kutembea. Mlima mzima mama alikuwa akipanda na mzigo huu, naye Goodness alikuwa akiangalia rangi yake tu.

Alipofika mlangoni alimsikia mama akizungumza kwenye simu.

"Katekista, kwa kipaimara ningeomba mtafute mtu kutoka Moshi. Hapana, si ugonjwa mkubwa. Ni mkono tu, haupandi."

Kipaimara ndiyo ilikuwa siku kubwa ya kazi ya mama kuliko zote. Watoto wa parokia nzima walipigwa picha siku hiyo, na picha hizo zilitundikwa sebuleni miaka na miaka. Goodness alichungulia. Mama alikuwa ameweka simu mezani na kuchukua kamera ndogo ya akiba. Alijaribu kuinyanyua mpaka jichoni. Ilifika kifuani, ikaishia hapo. Akakunja uso kwa maumivu, akaishusha.

Goodness aliingia, akalitua begi, machozi yakamtoka kabla hajasema neno.

"Mama, ni mimi niliyekuumiza."

"Wewe? Kwa vipi?"

"Begi hili nililichagua kwa sababu ya Gladys. Walimcheka bata wetu shuleni, nikaona aibu. Nilitaka begi la kuwanyamazisha. Mgongo wako sikuufikiria hata kidogo. Nisamehe, mama."

Mama alimvuta kwa mkono ulio mzima akamkumbatia.

"Nimekusamehe. Na mimi nisamehe, kwa sababu nilikwambia nimeulalia mkono vibaya, na haikuwa kweli. Nilitaka usiwe na wasiwasi."

"Sasa nina wasiwasi zaidi," alisema Goodness, wote wawili wakacheka katikati ya machozi.

Kesho yake walikwenda zahanati. Muuguzi aliliminyaminya bega la mama, akampa dawa ya kuchua na kumwagiza apumzike, asibebe kitu kizito mpaka maumivu yaishe. "Ungekuja mapema ungepona mapema," alisema. "Na begi linaloning'inia nyuma namna hiyo, achana nalo." Mama alimpigia tena katekista kumwomba asubiri kidogo, kwa kuwa siku ya kipaimara ilikuwa bado mbali. Katekista alikubali kwa furaha, maana hakuwa na mtu mwingine.

Maumivu yalipopungua, Goodness alipata wazo. Alivipeleka vifaa vya mama kwenye mizani ya duka la jirani. Halafu alipima ndizi mbichi za mshare za uzito uleule, akazitia kwenye kiroba. Jumamosi wakarudi Memorial, Goodness akiwa na ndizi kichwani na begi jekundu mgongoni.

"Shikamoo kaka," alimwamkia Efraimu. "Tunaomba tubadilishe begi. Mama limemuumiza bega."

"Marahaba. Lakini mdogo wangu, mali ikishauzwa hairudi," Efraimu alianza. Kisha alimwona mama jinsi alivyoushikilia mkono wake, sauti ikapoa. "Pole sana, mama yangu. Kusema kweli, siku ile nilisema limekukaa, wala sikuangalia. Lirudisheni. Hili jekundu halitakaa wiki bila mnunuzi. Chagueni jingine."

Goodness akatua kiroba, akaanza kupanga ndizi ndani ya begi moja jeusi lililokuwa karibu.

"We binti!" Efraimu alishangaa. "Hapa tunauza mabegi. Pombe ya mbege ikapikwe huko kwenu mlimani!"

Wauzaji wa jirani walicheka sana. Wateja wawili walisimama kutazama. Uso wa Goodness ulipata joto, ila mikono yake haikuacha kupanga ndizi.

"Begi tupu halina kosa, kaka," alisema. "Nataka nilione likiwa na kazi."

Begi jeusi lilipojaa ndizi, mikanda yake ilijikunja kama kamba. Likawekwa kando. La kijani lilimkaa mama vizuri, lakini zipu ilifunguka yenyewe, ndizi mbili zikaanguka, wacheshi wakapata la kusema. Begi la kijivu bado lilikuwa pale pale, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amelitaka. Goodness alilijaza, akamvika mama kwa uangalifu, akafunga mkanda wa kiunoni na kuukaza. Ulikaa palepale panapotakiwa, juu ya nyonga.

Mama alitembea mpaka kwa wauza viatu, akageuka, akarudi.

"Mzigo umekaa kiunoni," alisema. "Bega halivutwi."

"Mama, usinidanganye."

"Sikudanganyi tena, mwanangu. Hili ndilo."

"Aika mae," alisema Efraimu, akimshukuru mama kwa Kichagga, na huku akiokota zile ndizi mbili. "Hizi niachieni, ni za usumbufu."

Begi la kijivu halikuwa na vigawanyo vya sponji. Jioni hiyo, mtori wa ndizi zilizozunguka Memorial ukiwa jikoni, mama na binti walikata sponji ya godoro kuukuu wakatengeneza vyumba vya lenzi. Kitambaa cha kuvalisha sponji kilitoka kwenye begi la bata. Mama alitaka kumficha bata upande wa chini, lakini Goodness alimzuia.

"Hapana, mama. Akae juu, akutazame ukifungua."

Siku ya kipaimara, mkono wa mama ulikuwa umepona. Kanisani palijaa maua, magauni meupe na wazazi wenye haraka. Goodness alibeba stendi ya kamera na kumfuata mama nyuma. Zamu ya familia ya Gladys ilipofika, mama alifungua begi kutoa lenzi, naye Gladys, akiwa na gauni lake jeupe, akachungulia ndani.

"Goodness! Si yule bata wa nepi?"

"Ndiye," Goodness alijibu. "Nepi zangu zimekwisha, sasa analinda lenzi."

Gladys alicheka. Goodness pia alicheka, na safari hii hakukuwa na kitu cha kuficha ndani ya kicheko chake.

Walirudi nyumbani jioni kwa njia ya mferejini, kazi imekwisha, mama akiwa na begi lake mgongoni na mikono huru. Kulikuwa na swali ambalo Goodness alikuwa amelibeba kwa siku nyingi.

"Mama, siku ile sokoni, ulijua kwamba jekundu si lako?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulikubali?"

Mama alipunguza mwendo ili watembee sambamba.

"Siku niliyokuja shuleni kwenu, nilisikia darasa likicheka. Nilikuona na wewe unacheka, lakini mimi ni mama yako, najua unavyocheka. Nikasema heri bega langu liume kuliko wewe uone aibu."

Goodness alimshika mama mkono.

"Nilifanya kwa mapenzi, lakini nilikosea," mama aliendelea. "Bega lilipougua, nusura sote tukose riziki. Ukumbuke hili, mwanangu. Mzigo haupimwi kwa macho ya wanaotazama, hupimwa kwa mgongo wa atakayeubeba. Na kinachokuuma, kiwe bega au moyo, kiseme mapema kwa anayekupenda. Tungesemezana siku ile ya bata, begi jekundu tusingelinunua."

"Nitasema, mama. Na wewe useme."

"Nitasema. Sasa simama hapo kwenye migomba, kuna mwanga mzuri. Leo nimewapiga picha watoto wa watu wote, wangu bado."

Goodness alisimama na stendi yake mkononi. Mama akatoa kamera, akaiinua. Ilipita kifuani, ikapita kidevuni, ikafika mpaka jichoni.