Nilimlaumu Aliyenishusha Kutoka Juu ya Tenki

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nesi kwa kazi, mzaliwa wa Bungoma nchini Kenya, na sasa makao yangu ni Juba. Naandika haya nikiwa nimefunga mlango, kama mtu anayefanya jambo baya. Naona aibu! Lakini nisipoyatoa yatanimaliza.

Majina nimeyabadilisha. Mimi niiteni Nelima.

Nilikuja Juba kufanya kazi katika kliniki ya mtu binafsi kule Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege. Hapo ndipo nilipokutana na Keji, nesi mwenzangu. Keji ni mwenyeji wa Juba, ila alikulia kambini Kenya wakati wa vita, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kwetu, na Kiarabu cha Juba kikichomoza hapa na pale. Tulipanga vyumba viwili katika boma moja huko Munuki. Tulipika sufuria moja. Nilipougua malaria, Keji ndiye aliyenifulia nguo. Aliniita sister, nami nilimwona hivyo.

Pale kliniki mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu namna ya kumpokea mgonjwa wa akili aliyechafuka, yule asiyekubali kwenda hospitali na ambaye anaweza kujiumiza au kuumiza mtu. Niliwaambia, ondoeni watu kwanza. Azungumze mtu mmoja tu. Mwambie jina lako, mwambie unachotaka kufanya kabla hujafanya. Kumshika kwa nguvu ni jambo la mwisho kabisa, na ukimshika usimkalie kifua. Mpigie daktari, upate idhini yake ndipo uchome sindano. Halafu usimwache hata dakika moja, tazama anavyopumua. Na mfunike! Hilo nililirudia sana. Ni mtu, mfunike.

Walinisifu kuwa najua. Wangejua kwa nini najua...

Nilipokuwa chuoni niliwahi kuugua ugonjwa huo wa akili. Nililazwa, nikapona, nikapewa dawa za kumeza kila siku, na kwa miaka mingi nilizimeza nikiwa salama. Hakuna aliyejua Juba nzima. Hata Keji! Vidonge nilivihamishia kwenye kopo la vitamini.

Kisha nikapata mchumba. Barasa alikuwa dereva wa malori ya mizigo, mtu wa kwetu, mpole, mcheshi. Siku moja dada yake alinipigia simu kutoka Bungoma, akaniuliza habari za ukoo wetu. Akaniuliza, akicheka, kama kwetu kuna kifafa au wazimu. Nikajibu hakuna. Niliogopa kwamba nikiolewa Barasa ataliona lile kopo, na kama kuna nesi katika ukoo wao atazitambua zile dawa.

Nikaacha kumeza. Mimi nesi! Mimi niliyewagombeza wagonjwa kwa kuacha dawa! Nilijiambia kwamba nimepona, kwamba Mungu ameniponya.

Mwanzoni nilijisikia vizuri mno. Usingizi ulipungua, nikaona ni baraka. Nilifagia boma zima kabla majirani hawajaamka. Niliongea haraka haraka, nikaanza kugawa nguo zangu. Keji aliniangalia kwa jicho la nesi. Akaniuliza, "Sister, unalala?" Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi si mgonjwa wake. Aliuliza tena siku nyingine, nikambamizia mlango.

Halafu nikaanza kusikia sauti zikiniambia kwamba maji yetu yametiwa sumu.

Pale kwetu maji huletwa na lori na kupandishwa kwenye tenki lililo juu ya nguzo za chuma. Mchana mmoja nilianza kumwaga mapipa ya watu. Mama Viola, Mganda anayeuza chapati pale langoni, alipiga kelele kuwa namwaga maji yake. Binti yake Viola, mtoto anayejifunza kusema, alikuwa ameshika kikombe. Nikaona anakufa! Wallahi niliona hivyo kwa macho yangu. Nikampokonya kikombe, nikambeba, nikapanda naye ngazi ya chuma mpaka juu ya tenki ili sumu isitufikie.

Mengine nayakumbuka vipande vipande. Mengine Mama Viola ndiye aliyenisimulia baadaye.

Boma lilijaa watu. Vijana wa boda boda waliacha steji yao wakaja kutazama. Wengine walisema nipigwe mawe kwenye miguu nianguke. Nianguke na mtoto? Askari wawili walifika, wakasema nikishuka nitapelekwa gerezani, kwa sababu huku wagonjwa wengi wa akili huishia huko. Mama Viola alikuwa amepiga magoti, analia, "Nelima, mimi iko hapa, nipe mtoto yangu!" Mimi nilimsikia kama anacheka.

Ndipo Keji akaja na ambulensi ya kliniki.

Aliwaomba askari wawarudishe watu nje ya lango. Akasimama chini, upande upande, viganja vyake wazi. Akasema, "Nelima, mimi ni Keji. Hakuna mtu atakupiga. Ninataka kupanda ngazi tatu tu, halafu nitasimama. Sawa?"

Maneno yale niliyajua! Yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Katika ule wazimu, kitu ndani yangu kiliyatambua, nami nikaona aibu... ndiyo, hata pale juu, aibu ilinifikia. Alipanda hatua kwa hatua hadi karibu nami, nikampa mtoto. Keji akamshusha Viola mikononi mwa mama yake, mzima, bila hata mkwaruzo.

Mimi nilikataa kushuka. Nilipokanyaga ukingo wa tenki kwa nje, Keji na dereva wa ambulensi, ambao walikuwa wamepanda juu, walinidaka, wakanishusha kwa nguvu. Nilimng'ata Keji mkono hadi damu. Nguo yangu ilipasuka toka juu hadi chini. Watu waliokuwa wamerudishwa nje walikuwa tayari juu ya ukuta. Nakumbuka udongo kwenye shavu langu. Nakumbuka uso wa Keji, na simu mkononi mwake, juu ya uso wangu. Kisha sindano. Kisha giza.

Niliamka katika wodi ya wagonjwa wa akili. Baadaye nilijua kwamba Keji alikuwa amebishana na wale askari mpaka sauti ikamkauka, akiwaambia kwamba huyu ni mgonjwa, hana kosa, haendi gerezani. Alikuja kila siku kuniletea chakula, mkono wake ukiwa na bendeji. Nilikula chakula chake...

Nilipopata nafuu nikaruhusiwa kutoka, ndipo nikaambiwa kuna video.

Kuna mtu alikuwa ameipiga na kuisambaza! Mimi chini, nguo imepasuka, nikipiga kelele kuhusu sumu. Ilienda WhatsApp ya Munuki, ikavuka mpaka, ikafika kwa ndugu za Barasa. Barasa hakuja hata kuniona. Alinitumia ujumbe wa sauti kwamba wazee wamekataa, na yeye hawezi kuwapinga. Mama yangu alinipigia simu kutoka Bungoma, akalia tu hadi salio lake likaisha.

Ni nani aliyenifanyia hivi? Nikakumbuka simu mkononi mwa Keji. Nikasema ni yeye. Nani mwingine alikuwa karibu nami vile?

Video yenyewe sikuitazama. Nilishindwa. Lakini kumhukumu mtu sikushindwa!

Nilimkabili mbele ya wafanyakazi wote pale kliniki. Nilimwita nyoka. Nilisema aliniuza ili apate nafasi yangu kazini. Keji akauliza, "Unaamini hivyo kweli?" Nikasema ndiyo. Alifungua mdomo, akaufunga, akatoka nje. Mwenye kliniki, akiogopa jina lake kuharibika, akamfukuza kazi bila kuchunguza. Alihama boma, na mimi nilisimama mlangoni nikimtazama anafunga godoro lake kwenye boda boda. Nilifurahi, wasomaji. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Haukupita muda nami nikaacha kazi pale, maana kila mtu alinong'ona kunihusu. Nilirudia dawa zangu, nikapungua mwili, nikavaa wigi, nikapata kazi kwenye kliniki nyingine upande mwingine wa mji. Huko hakuna aliyenifahamu. Nilidhani yameisha.

Siku moja tulikuwa tunakula chakula cha mchana. Mfanyakazi wa maabara, msichana mchangamfu, akasogeza simu yake mbele ya sahani yangu. "Sister, hii uliona? Mwendawazimu wa Munuki." Kabla sijageuza uso, ikaanza kucheza.

Nilijiona. Nilisikia sauti yangu. Wote mezani wakacheka.

Na mimi nikacheka! Mnanielewa? Nilicheka pamoja nao, nikijicheka mwenyewe, ili wasinitambue. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Lakini macho yangu hayakubanduka kwenye ile simu, na nikaona. Aliyepiga hakuwa Keji, alikuwa mtu mwingine juu ya ukuta. Na ndani ya video yupo Keji. Simu yake iko kwenye spika, anaishikilia kati yangu na yeye, anaongea na daktari, anamwambia ninavyopumua, anaomba idhini ya sindano. Damu inamtiririka mkononi. Kisha anavua koti lake la kazi, anabaki na fulana, ananifunika. Halafu anageukia watu wa ukutani, anawapungia mikono, analia, "Khalas! Khalas! Basi! Wekeni simu chini, huyu ni dada ya mtu!"

Niliacha sahani yangu nikatoka nje.

Ilinichukua siku nyingi kupata ujasiri. Niliulizia, nikaambiwa Keji anauza kwenye duka dogo la dawa huko Kator, si mbali na kanisa kuu. Nilimkuta anapanga maboksi. Alipoinua uso hakushtuka. Nilipiga magoti pale pale sakafuni, wateja wakitazama, nikamwambia nimeiona video.

"Simama," akasema. "Sakafu ni chafu."

Nilimuuliza kwa nini hakujitetea. Neno moja tu, tazama video, lingetosha! Kwa nini aliacha nimharibie maisha?

Keji alimhudumia mteja kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ungeitazama ungejiona. Ulikuwa umetoka wodini juzi tu. Mimi ni nesi, najua ni wakati gani mgonjwa anajidhuru. Nikafikiri, kazi nitapata nyingine."

Nililia kama mtoto.

Aliniuliza kama nameza dawa. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nalala, nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Nikamwomba turudi kama zamani, turudi kuwa dada.

Hapo ndipo alipogeuka. "Malesh, Nelima," akasema. Malesh ni pole, ni samahani, na kwa kinywa chake siku ile ilikuwa hapana. "Ukiugua tena, mtu anipigie, nitakuja. Nitapanda tena huko juu. Lakini nitakuja kama nesi. Dada uliyekuwa naye ulimfukuza mbele ya watu."

Akanirudishia mkoba wangu uliokuwa umeanguka, akamwita mteja aliyefuata.

Niliporudi kazini nilimwomba yule msichana wa maabara aifute ile video. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu yule mwanamke ni mimi. Aliweka kijiko chini. Hakuna aliyecheka tena. Pia nilimpigia mwenye kliniki ya Thongpiny, nikamweleza kwamba nilisema uongo juu ya Keji. Alisema amesikia, nafasi ilishajazwa. Basi, hivyo tu.

Wasomaji wenzangu, kama unameza dawa za akili, zimeze. Anayekupenda ajue, hata kama atakukimbia. Afadhali akimbie ukiwa na akili zako! Kama umeitwa kumshusha mgonjwa, mshushe kama Keji alivyonishusha mimi. Kama wewe ni mpita njia na umeona mtu anashikwa, anapiga kelele, nguo imempasuka, nakuomba, nakusihi, usitoe simu. Vua shati lako umfunike.

Na wewe uliyepelekwa hospitali kwa nguvu, ukaamka na hasira na yule aliyekupeleka... usimhukumu kwa vipande unavyokumbuka. Muulize kwanza. Mimi sikumuuliza Keji. Sasa nikipita Kator naingia dukani kwake kununua dawa zangu, ananisalimia vizuri, ananielekeza namna ya kuzimeza, na kwenye kila boksi anaandika jina langu kama anavyoandika la mteja yeyote.