Mfuko wa Umeme

Asubuhi hiyo duka la dobi lilikuwa linachemka. Mashine zinanguruma. Mvuke unapanda. Mashuka meupe yanapepea kwenye kamba uani. Na katikati ya kelele zote, pasi moja ilikwenda mbio kuliko nyingine.

Ilikuwa pasi ya Umeme.

Jina hilo alipewa na wenzake kazini, kwa sababu ya mikono yake. Shuka likifika mezani kwake limekunjamana kama uso wa mtoto anayelia, linatoka limenyooka, limekunjwa, limekwisha!

"Taratibu, dada, utaiunguza meza!" alitania Fundi. Yeye alikuwa mume wa mwenye duka, na kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine.

"Meza imeshanizoea, Baba. Wewe uliza kama mashine zako zimekuzoea!"

Wote wakacheka.

Mwenye duka aliitwa Mama Pasi. Siku hiyo furaha ilimfanya asikanyage chini. Hospitali ilimletea mashuka kwa majaribio. Yakirudi safi kesho kabla ya saa sita mchana, kazi yote ya hospitali ingekuwa yake.

"Kesho, jamani! Kesho ndiyo kesho!" alisema, akipiga makofi.

Jambo moja tu lilimkera. Kila siku Umeme alikuja na mfuko mkubwa. Aliuweka chini ya meza na kuukanyaga kwa mguu mmoja, kama mtu anayezuia kuku asikimbie. Tena jioni ikikaribia, wenzake wakiwa bado wanakunja nguo, yeye hutoka mbio bila kuaga vizuri.

Mchana, furushi moja la mashuka ya hospitali halikuonekana. Walitafuta kwenye makapu. Walitafuta uani. Hakuna kitu.

Macho ya Mama Pasi yakashuka chini ya meza.

"Umeme, fungua mfuko huo."

"Mama, hapa? Mbele ya watu?"

"Fungua! Kwa dobi, mfuko wa mfanyakazi hauingii ndani. Mimi nimekuvumilia mno."

Umeme aliweka pasi pembeni. Akatoa blanketi. Akatoa sufuria ndogo, sabuni, mswaki, jozi ya viatu, gauni moja na picha ya mama yake. Shuka halikuwemo.

"Makubwa! Unatembea na nyumba nzima?" aliuliza Mama Pasi.

"Ndiyo nyumba yenyewe, Mama." Sauti ya Umeme ilikuwa ndogo. "Nilikopanga kumebomolewa. Nalala nyumba ya hifadhi. Asubuhi tunatolewa na vitu vyetu. Jioni tunapanga foleni. Ukichelewa, kitanda kimekwenda, unalala barazani kwa watu."

Akarudisha vitu vyake kimoja kimoja. Akaubeba mfuko. Akaondoka.

Haikupita muda, Fundi akaingia na furushi kichwani. "Jamani, hili hapa! Lilikuwa nyuma ya mashine ya kukaushia. Nililisukuma mwenyewe nilipokuwa nafunga mkanda wake."

Mama Pasi alikaa chini puu, kama gunia lililokatwa kamba.

Wakati huo jirani yao, Dada Ustawi, alifika kuchukua nguo zake. Alifanya kazi katika ofisi ya ustawi wa jamii. Aliona nyuso zao, akauliza kulikoni.

"Nimemuumbua mfanyakazi wangu," alisema Mama Pasi. "Kumbe hana pa kulala! Ni yule..."

"Usinitajie jina, jirani. Siri ya mtu haianikwi kwenye kamba. Niambie, unataka kumsaidia au unataka akumalizie mashuka?"

Mama Pasi alifikiri. "Vyote viwili. Nisikudanganye."

"Vizuri! Basi usianze na huruma. Anza na samahani. Kisha muulize, mkiwa wawili tu, ni kitu gani kinamzuia kufanya kazi vizuri. Yeye ndiye anayejua."

Fundi aliruka. "Mimi ninajua dawa! Alale hapa dukani. Atapata pa kulala, nasi tutapata mlinzi!"

"Shemeji," Dada Ustawi alicheka, "hapo umempa kazi ya pili bila mshahara. Na mkigombana, apoteze kazi na paa siku moja? Hapana. Mpeni kabati lenye kufuli, na ufunguo akae nao yeye. Mwacheni aoge na afue hapa kabla ya kazi. Zamu yake mumwambie mapema, naye aanze asubuhi na atoke kabla ya jioni ili awahi kitanda. Mshahara uwe sawa na wa wenzake, usicheleweshwe. Na akikubali, aje ofisini kwetu. Tunasaidia watu kutafuta vyumba, lakini barua ya mwajiri inafungua milango mingi."

"Ni hayo tu?" aliuliza Mama Pasi.

"Ni hayo. Anayelala nje hajasahau kazi. Anachokosa ni mahali pa kutulia."

Mama Pasi alivua aproni, akaelekea nyumba ya hifadhi. Aliikuta foleni imeshaanza kando ya ukuta, jua likiwaka bado. Umeme alikuwa katikati, amekumbatia mfuko.

"Mwanangu, tuongee pembeni."

"Nikitoka nitapoteza nafasi, Mama."

"Basi na mimi napanga."

Akasimama nyuma yake, kitambaa cha dobi begani. Watu wakamtazama. Mzee mmoja akasema, "Mama huyu naye amefukuzwa na mumewe!" Foleni nzima ikaangua kicheko, na Umeme akacheka nayo.

"Nisamehe," Mama Pasi alinong'ona. "Nilikukosea. Tena nilikukosea mbele ya watu, kwa hiyo nitaomba radhi mbele yao. Niambie, unahitaji nini ili urudi?"

Umeme aliutazama mfuko wake. Kisha akasema, "Pa kuuweka mfuko huu. Nipige pasi nimesimama kwa miguu yote miwili."

Kesho yake kulipopambazuka, Mama Pasi aliomba radhi mbele ya wote. Kabati lilikuwa tayari, na Umeme akatia ufunguo mfukoni. Alioga, akavaa gauni safi, akashika pasi. Lo! Mvuke ulipaa! Mashuka yalipanda kama ngazi! Fundi alikimbia na makapu huku akiimba ovyo. Saa sita haijagonga, gari la hospitali liliondoka limejaa. Jioni habari ikaja: kazi ni yao!

Umeme alikwenda kwa Dada Ustawi na barua ya Mama Pasi. Chumba hakikupatikana mara moja. Wenye nyumba wawili walimkataa. Wa tatu akakubali.

Asubuhi moja aliingia dukani akipunga mikono. Kila mtu akaacha kazi.

"Umeme! Mfuko uko wapi?" Mama Pasi alishtuka.

"Nimeuacha nyumbani, Mama."

Duka lililipuka kwa vigelegele. Fundi alipiga kapu kama ngoma. Mama Pasi alimkumbatia mpaka aproni zao zikanasana.

"Haya, mnashangaa nini?" alisema Umeme, akifuta machozi. "Pasi imeshapata moto!"

Na jioni hiyo Umeme, mwenye mbio kuliko wote, aliwaaga wenzake mmoja mmoja. Kisha akarudi nyumbani akitembea polepole.