Kamera ya Pili Kwenye Orodha

Saa kumi na mbili na nusu jioni Noela aliingia studio ya Machibya, pale Mabatini, kutafuta picha ya kubandika kwenye msalaba wa mumewe. Fundi wa misalaba alikuwa amesema anafunga saa moja, na mazishi yalikuwa kesho asubuhi. Mumewe Longino alikuwa amepiga picha nusu ya watu wa Mwanza, maharusi, watoto wa ubatizo, hata maiti, lakini yeye mwenyewe hakuwa na picha ya kueleweka. Wapiga picha ndivyo walivyo. Fungua albamu yoyote ya ukoo, asiyeonekana ni yeye.

Miezi minne ilikuwa imepita tangu mtumbwi uliompeleka Longino visiwani kupiga picha za harusi urudi bila yeye. Machibya, mwenzake wa kazi, alikuwemo. Alisema upepo uliamka ghafla, mtumbwi ukayumba, wakahesabiana wakakuta mmoja amepungua. Longino alikuwa ameivaa kamera yake shingoni. Walimtafuta siku tisa. Ziwa halikurudisha hata kiatu.

Na tangu siku hiyo Noela hakulia.

Jambo hilo liliwasumbua watu kuliko msiba wenyewe. Majirani walikuja na vitambaa vyao tayari mkononi, wakakaa, wakasubiri, wakaondoka navyo vikavu. Si kwamba alikuwa na moyo mgumu. Machozi hayakuja, basi. Alikula, akafua, akalala na kuamka kama mtu aliyeajiriwa kuishi maisha ya mwingine, na ndani yake palikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa.

Shangazi wa marehemu, Felicitas, ndiye aliyesema yatosha. Alipanda basi kutoka Muleba na mgomba uliofungwa gunia kwenye buti. Kwa watu wa ukoo wao, mtu ambaye mwili wake haukuonekana huzikiwa mgomba, ili roho yake ipate pa kukaa na waliobaki nao wapumue.

"Akishazikwa, amezikwa," shangazi alimwambia Noela walipokuwa wanauviringishia shuka nyeupe. "Hata akija kugonga mlango, hatumfungulii. Kama una neno, mwanangu, liseme kabla ya kesho."

"Sina neno, shangazi."

Utomvu wa mgomba ulikuwa umeanza kuacha madoa ya kahawia kwenye shuka. Noela aliyaona, akafunga fundo, akaenda kutafuta picha.

Studio ilikuwa na giza. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana na Machibya alikuwa amewasha mshumaa juu ya kaunta. Nyuma yake lilining'inia pazia la bluu la kupigia picha, lile lenye kiraka pembeni, na mbele ya pazia kile kiti cha wateja.

"Pole, shemeji," alisema. "Kompyuta haiwaki. Lakini ninayo moja kwenye kamera, ya harusi ya Nyakato. Ameshika taa, uso unaonekana. Lete simu niirushe bila waya."

Noela akatoa simu ya Longino. Siku ile alikuwa ameiacha nyumbani kwenye chaji, na tangu hapo yeye ndiye aliyeitunza. Ilikuwa na ile programu ya kuvuta picha kutoka kwenye kamera, ambayo Longino aliitumia kuwatumia watu picha zao za harusi hata pilau haijaisha. Namba ya siri ilikuwa tarehe ya ndoa yao.

Machibya akaiwasha kamera yake, akaiweka kaunta. Kisha akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine.

"Shemeji, nikuulize tu. Ni kweli mnazika mgomba?"

"Ni desturi."

"Kwetu mgomba ni wa wachawi. Wanamchukua mtu mzima mzima, pale alipolala wanaacha mgomba, macho yenu yanaona maiti. Mnalia, mnazika. Kumbe mwenyewe yuko mahali, hai, anatumikishwa. Msukule." Akautazama mshumaa. "Sasa ninyi mnauzika wenyewe, kwa mikono yenu... Mnawamalizia kazi."

"Tafuta picha, shemeji," Noela alisema. "Fundi anafunga."

Akaifungua programu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha yakatokea maneno: kamera zilizo karibu. Chini yake yalikuwa majina mawili.

MACHIBYA-1.

LONGINO-2.

Kidole cha Noela kilikwenda kwenye jina kinalolijua. Hakufikiri. Alikuwa ameshabonyeza ndipo Machibya alipoinama kutazama.

"Hiyo ilikuwa shingoni kwake," alisema.

Simu ikaandika: bonyeza SAWA kwenye kamera.

Machibya aliinua mikono yake yote miwili juu, mbali na kaunta, ili Noela aione. Kamera iliyokuwa pale ilikuwa imelala, kioo chake kimezima. Walisikiliza. Nje bodaboda ilipita, ikaenda zake.

"Hii mitambo haivuki chumba," Machibya alinong'ona. "Ukuta mmoja ikibahatika. Haivuki zaidi ya hapo..."

Tik.

Kitufe kidogo. Sauti ilitoka upande wa pazia.

Simu ikatetemeka kiganjani. LONGINO-2 imeunganishwa. Betri ya kamera: imejaa.

Harufu ikaja, ya tope na magugu maji, ile inayobaki mitaa ya Igogo maji yakipanda na kushuka. Noela alijua kwamba sasa ndipo mtu anapopaswa kuogopa. Aliutafuta woga ndani yake, asiupate, na hilo peke yake likamsikitisha kidogo.

Kulikuwa na picha moja tu. Ilishuka polepole, mstari kwa mstari, kuanzia juu. Pazia la bluu. Kiraka. Nywele zilizolowa. Paji la uso, macho... Longino alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, bega la kushoto mbele, kama alivyokuwa akiwapanga watu wa picha za pasipoti. Maji yalikuwa yanamchuruzika kidevuni. Alikuwa ameinua mkono mmoja mbele ya kifua, kiganja kimeelekea kwenye kamera, vidole vimeachana.

Ilikuwa imepigwa leo. Dakika moja iliyopita.

Machibya hakusogea. Noela ndiye aliyechukua mshumaa, akaenda hatua zile tatu mpaka kwenye pazia, akalifunua. Nyuma yake ulikuwa ukuta. Akashika kiti. Kilikuwa kimelowa, tena cha moto, kama mtu ameinuka sasa hivi.

"Anaaga," alisema.

"Au anakataza," Machibya alisema. "Shemeji, waambie wasubiri. Hata wiki moja."

Hapo Noela angeweza kusema neno. Aliwaza kumpigia shangazi. Akaona akilini ndugu waliokwisha safiri, jeneza lililokwisha nunuliwa, watu wakikaa tena sebuleni kwake na vitambaa vyao, miezi mingine minne ya kungoja mlango ugongwe. Alikuwa amechoka. Huo ndio ukweli wake, na haukuwa mkubwa kuliko hapo.

"Fundi anataka kichwa na mabega tu," alisema. "Ukate mkono."

Machibya akaukata mkono kwenye picha, akamtumia fundi. Simu ilipotafuta tena, orodha ilikuwa na jina moja.

Walimzikia Kisesa, kwenye shamba dogo alilonunua baba yake alipohamia Mwanza, pembeni ya kaburi la baba huyo. Ilikuwa saa tano, jua kali. Vijana wanne waliobeba jeneza walilalamika kwamba ni zito. Mmoja akasema mgomba huo umekunywa maji njia nzima, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Msalabani Longino alitazama mbele, kichwa na mabega. Watu walisifu picha. Walisema ametoka vizuri, kama yuko hai.

Katekista aliomba. Jeneza likashuka. Shangazi Felicitas alitupa udongo, kisha Noela, kisha ndugu mmoja mmoja. Machibya alikuwepo, amesimama nyuma kabisa, mikono mfukoni. Hakutupa udongo. Vijana wakashika makoleo.

Simu ikatetemeka ndani ya kitenge chake.

Noela aliitoa taratibu, akaitazama kwa pembeni kama mtu anayeangalia saa.

LONGINO-2 imeunganishwa.

Haivuki chumba, Machibya alikuwa amesema. Noela akatazama waliomzunguka, mikono yao, mifuko yao. Hapakuwa na aliyeshika kamera. Kisha picha ya kwanza ikashuka, mstari kwa mstari.

Ilikuwa nyeusi. Juu yake ulipita mstari mwembamba wa mwanga, kutoka upande mmoja mpaka wa pili, kama mwanya kati ya mbao. Mwanga huo uliangukia kipande cha shuka nyeupe.

Shuka ilikuwa na madoa ya kahawia.

Koleo likashusha udongo. Picha ya pili ikaja. Mstari ulikuwa umebaki nusu, na kwenye nusu hiyo palikuwa na kiganja, vidole vimeachana.

Koleo tena.

Picha ya tatu haikuwa na mstari.

Kitu kilivunjika ndani ya Noela. Yote aliyoshindwa kuyasikia kwa miezi minne yalikuja mara moja, woga, mapenzi, na aibu ya ule mkono aliosema ukatwe.

"Fukueni," alisema.

Hawakumsikia. Alisema tena kwa nguvu, akasema yuko humo, ni mzima, fukueni, akaenda kwenye ukingo wa kaburi na miguu yake ikateleza kwenye udongo laini. Mikono ya wanawake ikamdaka. Walikuwa wengi na walijua kazi yao, maana hakuna kaburi ambalo mjane hajaliambia maneno hayo.

"Analia," shangazi Felicitas alisema, na uso wake ulijaa shukrani. "Afadhali. Mwacheni alie."

"Shangazi, tazama simu. Tazama..."

"Lia, mwanangu. Yatoe yote."

Alimtafuta Machibya kwa macho. Machibya alikuwa anaitazama simu, si yeye. Aliitazama kama mtu anayejua kilichomo. Kisha akageuka akateremka kuelekea barabarani bila kuaga, na hakuna aliyemuuliza lolote, siku ile wala baadaye.

Simu ilikuwa bado kwenye mkono wa kulia wa Noela, na mkono huo ulikuwa umeshikwa na watu wawili. Mistari ya mawimbi ya ile kamera ilikuwa mitatu. Ikawa miwili. Vijana walikuwa wepesi, jua lilikuwa linawachoma. Ukabaki mmoja, kisha maandishi mapya yakajitokeza kwenye kioo.

LONGINO-2 inaomba kuunganishwa tena. Bonyeza SAWA kwenye simu.

Kidole gumba chake kilikuwa mbali na neno lile kwa upana wa punje ya mahindi. Alikivuta kulifikia. Mama mmoja, kwa huruma, alizifunga zile ngumi za Noela ndani ya mikono yake mipana na kuzikumbatia kifuani.

Kioo kikazima chenyewe, kama kinavyozima kisipoguswa.

Alasiri waombolezaji walikula wali na maharage chini ya turubai. Waliondoka mapema kuwahi magari, na njiani walikubaliana kwamba mazishi yamekwenda vizuri kuliko walivyotegemea, kwa sababu hatimaye mjane alilia.