Asetoni Mdomoni mwa Fundi

Alikuwa keshafika ghorofa ya pili akishuka, sanduku linagonga kila ngazi, gauni lake la rangi ya ndizi mbivu amelikusanya upande mmoja lisimkwaze, fundi alipotokeza mlangoni kule juu na jagi la maji mkononi.

"We Bibi Kucha! Unakwenda wapi?"

"Pasipo na wewe!"

"Nimekosa nini?"

"Muulize Kidosho wako."

Milango ya majirani ikafunguka. Hakuna aliyejifanya anatoa takataka. Walisimama tu, mikono kiunoni, wakingoja uhondo.

"Kidosho gani? Yule mnayefanya naye kazi saluni?"

"Huyo huyo anayekubusu mpaka unarudi hapa unanuka kazi yake!"

Fundi aliinua jagi. Akapiga mafunda ya maji. Kisha akafanya kosa lililommaliza mwanamke yule kabisa: akageukia ukuta, akauziba mdomo kwa kiganja.

"Mmemwona? Hata kunitazama hawezi!" aliwaambia majirani, na sanduku likaendelea kugonga ngazi mpaka chini.

Watu hawa wawili walikuwa wamependana, tena sana. Walikutana mchana kweupe kwenye njia panda ya sokoni, pale watu wanapopigana vikumbo bila kuombana radhi. Fundi alikuwa fundi wa vioo. Siku hiyo alikuwa amekumbatia kioo kirefu cha kabati, anangoja magari yapungue avuke. Bibi Kucha, mtengeneza kucha, akapita na viatu vyake vya visigino, akakiona kioo, akasimama. Akafunga upya kilemba. Akajipaka rangi ya midomo. Akakagua meno.

"Dada," ikatoka sauti nyuma ya kioo, "ukimaliza uniambie. Mikono inakufa ganzi."

Alishtuka, kisha akacheka. "Kumbe kioo kina mtu!"

"Kina mtu, na huyo mtu hana mke."

"Nani kakuuliza?"

"Najibu mapema, nisije nikasahau."

Baada ya hapo ikawa simu asubuhi, simu mchana. "Umekula, laazizi?" "Nitakulaje na sijakuona?" "Mwongo wewe, nasikia unatafuna!" Wakacheka mpaka wateja wa saluni wakalalamika. Bibi Kucha akahamia kwa fundi, na ndoa ikawa inangoja tu mama wa fundi apone mguu ulioteguka.

Halafu fundi akaanza kukonda. Suruali zikamvuka, akatoboa tundu jipya kwenye mkanda, kisha jingine. Akawa anakunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, na chooni haishi kwenda. Bibi Kucha akajiambia: mwanamume haanzi kupunguza mwili akishapata mchumba ila kuna mtu anampunguzia. Alipomsogelea ambusu, fundi aligeuza shavu. Akasogea tena, akageuza tena. Siku alipomvizia akambusu kwa nguvu, pua yake ikapokea harufu aliyoishi nayo tangu aanze kazi: asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Ilikuwa kali, yenye utamu kama matunda yaliyoachwa kwenye mfuko siku nyingi.

Mtu mwingine yeyote angesema mdomo unanuka, basi. Lakini pua ya mtu wa kucha haikosei asetoni, na Bibi Kucha alimjua mtu mmoja tu ambaye midomo yake ilinuka hivyo. Kidosho, wa meza ya jirani pale saluni, alikuwa na tabia mbaya ya kubana pamba yenye asetoni katikati ya midomo wakati mikono yote miwili ina kazi. Mwenye saluni alimkataza mpaka akachoka. Na ni juzi tu fundi alikwenda nyumbani kwa Kidosho kumfungia kioo cha bafuni. Hesabu ikakubali. Ilikuwa hesabu safi kabisa, isipokuwa jibu lake lilikuwa uongo mtupu.

Ndiyo siku aliyoshuka ngazi na sanduku, na kesho yake asubuhi alimkabili Kidosho mbele ya wateja waliolowesha miguu kwenye mabeseni.

"Mwizi wa waume wewe!"

Kidosho akatoa pamba mdomoni. "Mimi? Nikuibie lile fito lako? Nilifanyie nini, nitundikie mapazia?"

"Unakana, na midomo yenu inanuka sawasawa?"

"Kama ningemtaka ningekwambia umlete mwenyewe. Alifunga kioo, akanywa maji ndoo nzima, akaondoka. Mume wako ana kiu, dada, hana hawara!"

Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, na yalipita hewani bila kuokotwa. Mwenye saluni alimtazama Bibi Kucha, mwenye wateja wengi, akamtazama Kidosho, mwenye wachache. Akamwambia Kidosho afunge virago. Haki katika sehemu nyingi za kazi huamuliwa hivyo.

Simu ikalia mchana. Bibi Kucha alikuwa ameshika mguu wa mteja.

"Laazizi…" Sauti ya fundi ilikuwa nzito, inakokota. "Tumbo… natapika. Napumua vibaya."

"Umelewa."

"Sijalewa. Njoo."

"Mwite Kidosho. Sasa hivi hana kazi, ana nafasi."

Akakata. Simu ikalia tena, akakata. Ikalia tena, akaizima, akaendelea kupaka rangi nyekundu kwa mkono uliotulia kuliko siku zote. Hasira ina utulivu wake, na huo ndio wa kuogopwa.

Alimkuta hospitali jioni, baada ya mama yake fundi kupiga simu ya saluni akilia kwamba majirani wamemkimbiza mwanawe huko. Fundi alikuwa hajitambui, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbizwa. Mirija mkononi. Na harufu ile ile, imejaa pembe nzima ya wodi.

Daktari alikuwa mama mnene, macho mekundu kwa kukosa usingizi, koti jeupe limedondokewa chai. Hakuwa na muda wa kubembeleza mtu.

"Nani anaishi naye?"

"Mimi."

"Harufu hii hukuisikia?"

"Niliisikia."

"Ukafanya nini?"

Bibi Kucha alitazama sakafu. "Nilihama."

Daktari akashusha pumzi. "Huyu ana kisukari. Mwili wake umeishiwa insulini, kwa hiyo sukari imejaa kwenye damu na haiingii inakotakiwa. Mwili ukikosa sukari unachoma mafuta yake wenyewe, na katika kuchoma huko ndiko inakotoka asetoni, inapanda na pumzi."

"Asetoni? Ile ya kucha?"

"Ile ile. Hakuipata chupani. Kaitengeneza mwenyewe, huku anakufa."

Mama wa fundi, kaegemea fimbo, akadakia: "Mimi nilimpa karafuu atafune, daktari. Nikamwambia, mwanangu, piga mswaki, utamkimbiza mchumba."

"Karafuu!" Daktari aligeuka kwa hasira. "Mama, mswaki ni mzuri, sina ugomvi nao. Lakini mtu akinuka mdomo nyinyi mnaona uchafu tu. Mwenye figo zilizoshindwa pumzi yake hunuka kama mkojo. Ini likichoka, inakuwa na utamu wa uvundo. Mwingine ana usaha nyuma ya pua, mwingine vijiwe kwenye tonsili, mwingine tumbo linapandisha asidi. Wote mnawapa mswaki, mnawacheka, mnawahama. Halafu mnaniletea mimi hapa wamelala hivi!"

Dripu iliendelea kudondoka.

Fundi alipozinduka na kumwona nani amekaa ubavuni, neno lake la kwanza lilikuwa: "Toka."

Akatoka. Kesho yake akarudi, na blauzi ile ile ya jana, haikupigwa pasi.

"Nimesema utoke."

"Jana nilitoka. Leo nimeingia."

"Nilikupigia nikiwa sakafuni! Unajua sakafuni? Shavu kwenye sementi, matapishi yangu hapa, naisikia sauti yako ikinitukana!"

"Najua."

"Hujui! Ulininusa ukanihukumu. Hata mwizi huulizwa!"

Hapo na yeye moto ukampanda, maana hakuwa mtu wa kupigwa bila kurudisha. "Na wewe kwa nini ulikuwa unageuza uso? Kila nikikusogelea, ukuta! Ningefikiria nini?"

"Niliona aibu! Nilidhani nimeoza mdomo. Nimesugua meno mpaka fizi zinatoka damu. Mwanamume aanze vipi kumwambia mchumba wake, mpenzi, mimi nanuka?"

"Hivyo hivyo! Mpenzi, mimi nanuka! Maneno matatu!"

"Ungeniuliza!"

"Ungeniambia!"

"Nyinyi!" Muuguzi akapiga kijiko kwenye trei. "Kuna wagonjwa hapa. Kagombaneni kwenu."

Bibi Kucha alikuwa analia bila kufuta machozi, wanja umemshuka mpaka kidevuni. Fundi akautazama uso ule uliochafuka, akaitazama dari.

"Nina hasira na wewe mpaka sijui niiweke wapi," alisema.

"Nipe. Nimeizoea yangu, na yako nitaibeba."

"Sikusamehi leo."

"Nani kakuomba leo?"

Mgonjwa wa kitanda cha tatu, aliyejifanya amelala, akakohoa.

"Kaa chini," fundi akasema. "Ukisimama hivyo unanipa kizunguzungu. Na kama nitakuoa, siku ukinusa kitu kwangu, unaniuliza kwanza."

"Nikinusa kitu nakuburuta hospitali kwanza. Maswali baadaye."

"Bado nina hasira."

"Na mimi. Sogea nikae."

Walioana kabla mwaka haujaisha, ofisini, mashahidi wawili. Fundi hujidunga insulini kila siku, na anafunga vioo mpaka leo. Kuhusu zile simu zilizokatwa, wanagombana kila mara zinapokumbukwa. Mama yake aliendelea kuwaambia watu kwamba kilichomwokoa mwanawe ni karafuu. Daktari alihamishwa hospitali nyingine. Mwenye saluni hakumwomba Kidosho radhi, wala hakumrudisha kazini. Bibi Kucha alikwenda kwake na kitenge kipya na maneno ya toba. Kidosho alimsikiliza akiwa mlangoni mpaka mwisho, akasema, "Wewe umepata mume. Jina langu nani ananirudishia?" akafunga. Baadaye alihamia mji mwingine, akawa anauza vifungo na nyuzi. Kucha hakushika tena.