Muhuri Usiovuka Daraja

Kwetu Davenport, mto ndio mpaka. Upande huu ni jimbo la Iowa. Ukivuka daraja, uko Illinois. Watu huvuka kwenda kazini, kunyoa nywele, hata kununua maziwa. Hakuna anayewauliza kitu.

Renata Hruska alikuwa mhandisi wa miundo ya majengo mwenye leseni ya Iowa. Jumamosi moja alikuwa jikoni na mumewe, Dwight, wakimenya mahindi. Milo, kaka yake Renata, mkandarasi wa majengo, akaingia bila kubisha. Akatandaza michoro juu ya maganda.

"Ukumbi wa michezo wa shule, ng'ambo," alisema. "Gonga muhuri wako wa uhandisi hapa, ionekane umeithibitisha. Jumatatu naipeleka kwa wakaguzi."

Renata aliitazama. Paa lilikuwa pana, na theluji ya kwetu haina huruma.

"Leseni yangu ni ya Iowa, Milo."

"Ah! Chuma ni chuma. Kikivuka daraja kinageuka mbao?"

Dwight alicheka. Renata hakucheka.

"Sigongi."

"Sema tu unaogopa."

"Sema utakavyo. Sigongi!"

Milo alikunja michoro yake akaondoka amenuna.

Jioni Renata alimwendea jirani yake, Bi Odessa Pruitt, mhandisi mstaafu aliyefanya kazi pande zote mbili za mto.

"Umefanya vizuri," alisema Bi Odessa. "Kila jimbo lina bodi yake na sheria zake. Mwanzo unafanana karibu kila mahali. Unasoma shahada, unafanya mtihani wa misingi, unafanya kazi miaka kadhaa chini ya mwenye leseni, kisha mtihani wa taaluma. Iowa wanaridhika hapo. Illinois wana leseni ya peke yake kwa miundo ya majengo, na mtihani wake. Uzito, upepo, tetemeko la ardhi, vyote vimo."

"Na kwingine?"

"California wanaitaka kwa shule na hospitali. Kwingine hawana habari nayo. Usimuulize rafiki, mwanangu. Iulize bodi yenyewe."

"Mtihani ni mgumu?"

"Mimi ulinibwaga mara ya kwanza."

"Basi na unibwage. Nitaufanya."

Wakati huo Milo alimpata mhandisi wa Illinois. Yule alikagua, akakataa. Mihimili ilikuwa myembamba mno kwa theluji ile. Milo akalazimika kuchoresha upya paa zima. Hakumwambia dada yake. Dwight ndiye aliyesikia dukani.

Renata alisoma alfajiri kabla ya kazi. Kisha akafanya mtihani, lakini sehemu ya upepo na tetemeko ikamshinda.

"Bado mwanafunzi?" Milo alimtania mezani, siku ya sikukuu.

"Bado. Na narudi tena. Nipitishie viazi."

Alirudi, akafaulu. Akapeleka maombi na ushahidi wa kazi zake. Illinois wakampa leseni.

Milo alikuja siku hiyohiyo na michoro kwapani. "Sasa gonga!"

"Hapana. Sigongi kazi nisiyoisimamia. Ukinitaka, niite mwanzo."

Milo aliguna. Lakini siku hizi humwita kabla mstari wa kwanza haujachorwa. Majengo yao matatu yamesimama ng'ambo, na wakaguzi hawajarudisha mchoro hata mmoja.

Juzi alipiga simu. "Kuna zahanati huko Wisconsin. Utaifanya?"

"Kwanza niiulize bodi yao."

"Wakikukatalia?"

"Wataniambia wanachotaka," alisema Renata, "nami nitawapelekea."