Shashi Chini ya Rangi

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, baba alinipangia vitu vyangu juu ya stuli kando ya kitanda: birika la maji yaliyochemshwa na kupoa, bakuli safi, sabuni, na pakiti moja ya shashi, yaani kile kitambaa chepesi cheupe chenye matundumatundu ambacho huwekwa ndani ya kidonda. Chini ya stuli aliacha gundi, mkasi, brashi mbili kuukuu na vikopo vya rangi iliyobaki. "Haya, Chiriku," aliniambia, "mimi nakwenda kuwaandikia watu majina yao. Jioni nataka kuona kadi ya leo." Kisha alibeba ngazi yake na kutoka.

Baba alikuwa mwandika mabango. Karibu kila duka la mtaa wetu lilikuwa na herufi zake juu ya mlango, na hakuna mwenye duka ambaye hakutaniana naye. Mama alikuwa mpishi katika shule ya bweni ya mbali, akirudi nyumbani wakati wa likizo tu. Kwa hiyo mchana kutwa nilibaki mimi na mguu wangu wa kulia. Jina la Chiriku nilipewa shuleni kwa sababu mdomo wangu haukujua kupumzika, lakini tangu nitoke hospitali sikuwa na la kusema.

Nilikuwa darasa la sita nilipoteleza kwenye ngazi za shule na kuchanika chini ya goti. Lilikuwa jeraha dogo, nami nilikuwa na haraka ya kurudi mchezoni, kwa hiyo nililifuta kwa sketi nikalisahau. Wiki chache baadaye mguu ulivimba na homa ikanilaza. Wadudu walikuwa wamefika kwenye mfupa. Daktari alinipasua, akaukwangua mfupa, akakiacha kidonda wazi ili kipone kuanzia ndani kuja nje.

"Kioshwe kila siku, na shashi ya ndani ibadilishwe kila siku," alimwambia baba siku tuliporuhusiwa. "Uchafu ukirudi kwenye mfupa, nitalazimika kukata kipande cha mfupa wenyewe, na mguu huu utakuwa mfupi kuliko mwenzake maisha yote." Maneno hayo yaliniingia na hayakutoka. Tangu hapo niliogopa kitu kimoja tu duniani, kurudi kwenye kile chumba chenye taa kubwa.

Tatizo ni kwamba baba hawezi kuona damu. Kuku wetu huchinjwa na jirani, na baba hukaa barabarani mpaka manyoya yote yaishe. Nesi alipomwita aje aone jinsi ya kuosha kidonda, alitazama mara moja tu, akajikuta ameketi sakafuni. Nesi alimpa maji ya kunywa, kisha akanigeukia mimi. "Basi wewe ndiye nesi wa nyumba," alisema. Alinifundisha hatua zote polepole, akanipa pakiti kumi na nne za shashi za kunitosha wiki mbili.

"Na kila ukimaliza kuosha," aliongeza, "tengeneza kitu kidogo kwa mikono yako, kisizidi kiganja. Bandika, paka rangi, shona, vyovyote upendavyo. Kimoja kila siku. Mikono ikipata kazi, kichwa nacho hupumzika kidogo."

Siku tatu za kwanza nilifanya kama nilivyoelekezwa. Niliuma meno, nikaosha, nikabadilisha shashi, kisha nikakata kadi kutoka boksi la dawa. Kadi ya kwanza nilibandika maganda ya yai yaliyopondwa, nikayapaka rangi ya bluu. Ya pili niliweka karatasi za fedha za vidonge, nikazishonea kwa uzi mwekundu. Ya tatu ilikuwa na majani ya chai yaliyokaushwa na kipande cha gazeti. Baba alizibana kwenye kamba ukutani kwa vibanio vya nguo, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono. "Mimi nimeandika mabango miaka kumi na nane," alisema, "na hakuna aliyenifundisha kupaka rangi ganda la yai."

Siku ya nne shashi ilikuwa imekauka na kugandamana na nyama. Nesi alikuwa amenionya kuwa jambo hilo linaweza kutokea, na kwamba niilowanishe kwa maji, nisubiri, kisha nivute taratibu. Nililowanisha, lakini sikusubiri. Nilivuta mara moja, na maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. Nilipofungua macho nilikuwa nimelowa jasho, na shashi ilikuwa imetoka nusu tu. Niliirudisha ndani kwa kidole, nikafunga bandeji safi juu yake, nikageukia ukutani nikalia.

Nilipomaliza kulia niliiona ile pakiti mpya juu ya stuli. Baba alikuwa akizihesabu pakiti zote. Nikiitupa, ataiona kwenye ndoo ya taka. Nikiificha chini ya godoro, ataikuta siku ya kufua mashuka. Basi niliifungua, nikaikata shashi vipande, nikaibandika kwenye kadi na kuipaka rangi nyeupe na kijivu mpaka matundu yakazibika. Ikawa mawingu. Baba aliporudi aliitazama kwa muda mrefu kuliko zile nyingine zote. "Mawingu haya kama yatanyesha," alisema. "Mguu vipi?"

"Unaendelea vizuri," nilimjibu.

Sitaki kujidai kwamba sikujua nilichokuwa nikifanya. Nilijua. Kila asubuhi nilijiambia kuwa leo nitavuta, na kila asubuhi mkono ulifika kwenye bandeji ukarudi. Bandeji ya nje niliibadilisha ili ionekane safi. Shashi ya ndani sikuigusa. Shashi ya siku ya tano ikawa nywele za bibi kizee, ya sita ikawa moshi, ya saba ikawa wavu, ya nane ikawa pazia kwenye dirisha lililokatwa kutoka gazeti. Kusema kweli zilikuwa nzuri. Shashi hukubali rangi kuliko kitambaa chochote ninachokijua. Kadiri nilivyozidi kuoza ndivyo ukuta wetu ulivyozidi kupendeza, na baba akawa anawahadithia wateja wake kuhusu binti yake asiyekata tamaa.

Mimi tamaa nilikuwa nimeikata siku nyingi. Harufu ilianza, na mwanzoni niliamini baba atainusa tu. Lakini nyumba yetu ilinuka rangi na mafuta ya taa tangu nizaliwe, na pua ya baba ilikuwa imezoea kila kitu. Aliyeinusa ni mwenzangu wa dawati, aliyeniletea daftari zake ninakili. Alisimama katikati ya chumba akaziba pua. "Mbona kunanuka hivi?" aliuliza. Nikasema ni rangi za baba. Aliacha daftari kitandani, akasema anaitwa nyumbani, na hakurudi tena. Sikumlaumu. Hata mimi, kama ningeweza kuukimbia mguu ule, ningeukimbia.

Siku ya kumi na mbili homa ilirudi, nayo nikamficha baba. Siku ya kumi na tano tulikwenda hospitali. Baba alizichukua kadi zote ukutani, akazitia kwenye bahasha kubwa ili akamwonyeshe nesi, na njia nzima alipiga mluzi.

Nesi alifungua bandeji. Alitoka, akarudi na daktari, na daktari aliinama, akabonyeza pembeni ya kidonda kwa kidole chenye glovu. Sitasimulia kilichotoka. Baba alikuwa amegeukia dirisha, na mluzi ulikuwa umekwisha.

"Mmekuwa mkibadilisha shashi kila siku?" daktari aliuliza.

"Kila siku ya Mungu," baba alijibu.

"Binti?"

"Ndiyo," nilisema.

Daktari alivua glovu, akaketi pembeni ya kitanda. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Kama kidonda kimesafishwa vizuri kila siku na bado kimefika hapa, basi dawa zimeshindwa na mfupa wenyewe umekufa. Sina njia nyingine. Kesho asubuhi nitakata kile kipande nilichowaambia."

"Daktari, subiri kwanza," baba alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alimwaga bahasha kitandani, akaanza kuzipanga kadi kando ya mguu wangu, moja baada ya nyingine. "Huyu mtoto hakosei. Nesi alimwambia akiosha kidonda, atengeneze kadi. Zihesabu, ni kumi na nne. Mimi mguu sikuuangalia, nakiri, moyo wangu mdogo. Lakini kadi nimeziona kwa macho yangu kila jioni. Mwanangu hasemi uongo. Tafuteni dawa nyingine, msimkate."

Nilimtazama baba akinitetea kwa uongo wangu mwenyewe. Mikono yake, ambayo huandika herufi ndefu kuliko mimi bila kutikisika, ilikuwa imeshindwa kuzinyoosha zile kadi kwenye mstari mmoja. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada ya hapo. Nikajua pia kwamba nikinyamaza, mfupa wangu utakatwa kwa ajili ya kosa ambalo daktari halijui.

Nilichukua kadi ya mawingu, nikatia ukucha pembeni na kuibandua. Rangi ilipasuka. Chini yake shashi ikatokea, nyeupe, haijawahi kugusa kidonda. Nikabandua moshi. Nikabandua wavu.

"Shashi zimo humu," nilisema. "Kumi na moja. Ile ya ndani ya kidonda sijaitoa tangu siku ya nne. Iliuma, nikashindwa."

Nesi alichukua kadi moja, akaipapasa, akairudisha mahali pake. Baba aliketi kwenye kiti cha wagonjwa akaziba uso kwa viganja.

"Sasa umenipa kitu cha kufanyia kazi," daktari alisema hatimaye. "Kumbe dawa haikushindwa, haikupewa nafasi. Kesho nitafungua, nisafishe, niutazame huo mfupa. Ukiwa hai sitaukata. Lakini siwezi kukuahidi kitu, na nataka uelewe hivyo."

Nilirudi kwenye kile chumba chenye taa kubwa. Nilikuwa nimekaa wiki mbili nikikiogopa, na woga wangu ndio ulionishika mkono ukanirudisha. Nilipozinduka, kitu cha kwanza nilichofanya ni kujaribu kuhesabu vidole vya mguu. Nesi alinikuta nikihangaika na shuka. "Mfupa umekutwa hai," alisema. "Umeliwa pembeni, ila uko hai. Ungenyamaza, tungekuwa tunazungumza habari nyingine." Hakunipongeza wala hakunigombeza. Alikwenda kwa mgonjwa wa pili.

Nilikaa wodini wiki tano. Mtihani wa kufunga mwaka ulifanyika nikiwa kitandani, wenzangu wakapanda darasa la saba, mimi nikabaki. Daktari alisema mguu utabaki na ugumu kidogo kwenye kifundo, na huenda sitakimbia kama zamani. Niliyasikiliza hayo bila kulia. Yalionekana kama habari za mtoto mwingine, mtoto ambaye sikumpenda sana.

Siku ya kwanza nyumbani, stuli ilikuwa pale pale, ila safari hii baba hakubeba ngazi. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akavuta kiti, akaketi akiutazama mguu wangu. Jasho lilimtoka kabla hata ya kufungua bandeji.

"Baba, utaanguka," nilimwambia.

"Nikianguka nitainuka. Nimeketi kabisa, sakafu haiko mbali." Alifungua bandeji mzunguko mmoja baada ya mwingine. Alipokiona kidonda alifumba macho, akapumua, akayafumbua tena. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Nataka nikwambie kitu, na unisikilize," alisema. "Tulikosa wote wawili. Wewe uliogopa maumivu, ukayafunika. Mimi niliogopa kuona, nikafurahi kuonyeshwa kadi. Wewe ulinidanganya na mimi nilitaka kudanganywa. Lakini kidonda hakikudanganywa hata siku moja, kiliendelea na kazi yake huko chini. Kuogopa si kosa, mwanangu. Mimi naogopa hivi sasa, unaniona. Kosa ni kuogopa na kuwaambia watu kuwa mambo ni mazuri. Siku ukishindwa, sema umeshindwa. Asubuhi ileile, si baada ya wiki mbili. Mtu hawezi kukusaidia kwenye jambo ambalo umempakia rangi juu."

"Kitauma," nilisema.

"Najua."

"Safari hii huenda nikashindwa tena."

"Basi utaniambia, na mimi nitavuta. Nikishindwa mimi, tutamwita jirani anayetuchinjia kuku."

Sikutegemea kucheka siku ile, na kicheko chenyewe kilitoka kidogo tu, kimechanganyika na machozi. Baba alimimina maji ya birika juu ya shashi. Tulisubiri. Tulihesabu pamoja mpaka mia mbili, kwa sauti, bila kuruka. Kisha nikashika ncha ya shashi na kuanza kuvuta.